Anwani ya Norfolk ni Barabara ya Harry Thuku

(Hotuba kwa wanachama wa chama cha wapenda safari, katikati ya jiji la Nairobi)

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja na bado mna njaa: hamjambo? Itifaki zote zimezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie miji ya nyanda za juu iliyojengwa enzi za mkoloni, na hoteli zake zile za kupendeza. Mwenyekiti aliponipigia simu alitaja Nyeri, Nanyuki, Nyahururu, Kericho. Nikamwambia, mbona wanivusha mbali hivyo? Sisi wenyewe tumeketi katika mji wa aina hiyo hiyo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mji haukuwapo hapa mpaka reli ya kutoka Mombasa ilipofika 1899. Na hoteli zake mbili kongwe bado zinapokea wageni, mnazipita kila jioni mkikimbilia matatu.

Stanley ilianza 1902. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904. Sasa tazameni anwani zao za leo. Stanley iko penye kona ya Mtaa wa Kimathi na Kenyatta Avenue. Norfolk iko Barabara ya Harry Thuku. Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, na Thuku, mtetezi wa wafanyakazi Waafrika, katika enzi yao, hakuna hata mmoja ambaye angekaribishwa kuvuta kiti pale akaagiza kahawa. Wangeingia kwa mlango wa jikoni, kama wangeingia.

Na kwa Thuku jambo lenyewe halikuishia kwenye kiti. Alikamatwa Machi 1922 kwa kupinga kipande, yaani kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, kodi, na mtindo wa kuwalazimisha wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa, hatua chache tu kutoka Norfolk. Tarehe 16, wazee walipoanza kuwaambia watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume hadharani, wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Na imeandikwa mara nyingi kwamba walowezi waliokuwa wakistarehe kwenye veranda ya Norfolk walichukua bunduki zao wakasaidia kazi.

Sisemi haya ili mkatae chai ya veranda. Mimi mwenyewe naipenda, na kazi yangu ya kuongoza wageni imeninywesha nyingi. Nasema hivi: hoteli hizi zitakupa nusu ya habari, tena nusu tamu. Nusu ya pili iko nje ya geti, na mara nyingi huhitaji hata gari kuifikia. Msafiri anayerudi na nusu moja amelipa bei kamili.

Kwa nini walipanda milimani kwanza? Wazungu waliotawala nchi za joto waliogopa vitu viwili, homa na jua. Huko India walijijengea Shimla, Darjeeling na Nainital. Wafaransa wakaenda kujenga Dalat kule Vietnam. Wajerumani, jirani zetu hapa Tanganyika, wakajenga mji katika milima ya Usambara wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Leo ni Lushoto, na mwenye nafasi aende, matunda ya kule hayana mfano. Kwa muda mrefu waliamini malaria inatokana na hewa mbaya ya mabondeni, mpaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kwamba mbu ndiye mbebaji. Hofu ya mbu ikapata dawa yake, chandarua. Hofu ya jua haikupata. Mlowezi wa Kenya alivaa kofia nene kichwani na pedi ya kitambaa mgongoni ili jua lisimharibu uti wa mgongo, huyo yuko Nyeri, mahali ambapo mwenyeji mwezi wa Julai anaota moto mchana.

Lakini kuna tofauti kubwa kati yetu na India. Shimla ilikuwa mahali pa kupumzikia. Afisa alipanda wakati wa joto kali, baridi ikianza akashuka kurudi kazini. Hapa kwetu walikuja kukaa. Reli ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5, na treni haikuwa na mzigo wa kutosha wa kurudisha fedha hizo. Serikali ikawaita walowezi walime, ili kuwe na cha kubeba. Ikatoka sheria ya ardhi ya 1902, kisha ya 1915 ambayo ilimpa mlowezi mkataba wa miaka 999. Miaka 999, ndugu zangu! Mtu anayekodisha nyumba South B hapa anajua hata mkataba wa mwaka mmoja ulivyo na jasho. Wamaasai wakahamishwa kwa mkataba wa 1904, na ulipofika 1911 wakahamishwa tena kwa mkataba mwingine. Wakikuyu, Wanandi na Wakipsigis nao kila mmoja ana yake ya kusimulia.

Hoteli zilizaliwa humo humo. Norfolk ya miaka ile ya kwanza ilijaa watu waliokuwa wakingojea kugawiwa mashamba, na kwa jinsi mabwana wenye vyeo vya Kiingereza walivyokuwa wengi, ikatiwa jina la utani, Nyumba ya Malodi. Huko mashambani mlowezi aliishi peke yake, jirani yuko mwendo wa nusu siku kwa gari la ng'ombe. Alipokuja mjini kuuza ngano, kuchukua barua, kumbembeleza meneja wa benki au kutazama mbio za farasi, alihitaji kitanda, maji moto na baa. Ndiyo maana hoteli hizi, ukizitembelea mbili tatu, unaona ni ndugu wa tumbo moja: jengo la chini lililonyooka, mawe ya kijivu yaliyochongwa, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, veranda ndefu, madohani, waridi, na majani yaliyokatwa mafupi.

Na moto. Mtu wa Nairobi akiniuliza kinachofaa kumtoa nyumbani kwenda kulala katika hoteli ya namna hii, namtajia moto. Mwendo wa saa kumi na mbili jioni mhudumu anabisha hodi. Ana kuni kwenye karai, nyembamba upande mmoja, nene upande mwingine, gazeti la juzi, na kibiriti. Anapanga nyembamba kwanza, moja juu ya nyingine kwa kukingama, anaacha tundu la hewa upande wa mlango. Gazeti analiwasha mahali pamoja tu. Kisha hasimami. Anabaki amepiga goti, ametega sikio, mpaka asikie kuni zimeanza kulia zenyewe, ndipo anaweka gogo. Ukirudi kutoka chakula cha usiku, chumba kina joto, na chini ya blanketi kuna chupa ya mpira ya maji moto iliyovishwa kifuniko cha sufu. Kazi ile ya kuni, yule mhudumu alifundishwa na mtu, na mtu huyo alifundishwa na mwingine, mpaka unafika kwa mzee wa kwanza aliyeitwa boi akiwa na wajukuu.

Basi twende Nyeri. Ni kama kilomita 150 kutoka hapa, unapita Thika, Kenol na Sagana, na hakuna mji mwingine ambapo nusu mbili za habari zimekaa karibu hivyo.

Hoteli ya Outspan ilijengwa katika miaka ya 1920 na Eric Sherbrooke Walker na mkewe, Bettie. Ndani ya uwanja wake kuna nyumba ndogo inayoitwa Paxtu. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliishi humo kuanzia 1938 mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Alikuwa akisema kadiri unavyoikaribia Nyeri ndivyo unavyoikaribia raha, na asubuhi Mlima Kenya ukiwa wazi humlaumu. Baadaye katika nyumba hiyo hiyo akaishi Jim Corbett, mwindaji aliyepata sifa kwa kuwaua chui na simbamarara waliokula watu huko Kumaon. Corbett alizaliwa Nainital, mmoja wa ile miji ya milimani ya India niliyoitaja. India ilipopata uhuru 1947 alifunga mizigo akaja Nyeri, akafariki huko 1955. Alitoka mji wa mlimani uliojengwa na Waingereza akahamia mwingine uliojengwa na Waingereza, na yeye na dada yake waliyakuta mambo yote kama walivyoyazoea: kanisa, klabu, posta, chai ya saa kumi. Miaka mitano tu baada ya kuhama, na huku nako kukaanza kuwaka.

Wote wawili wamezikwa katika makaburi ya St Peter's, mjini humo. Ulizeni njia hotelini. Jiwe la Baden-Powell lina duara lenye nukta katikati, ile alama ambayo skauti huiacha njiani kuwajulisha wenzake kwamba amekwenda nyumbani. Panatunzwa vizuri. Maskauti huja kutoka kila pembe ya dunia.

Walker huyo huyo, 1932, alijenga vyumba viwili juu ya mti ndani ya msitu wa Nyandarua ili wageni wake wa Outspan wapate kulala huko na kutazama tembo na vifaru wakija kunywa maji. Ndiyo Treetops. Mti aliouchagua ulikuwa mgumo, na kwa Wakikuyu mgumo ni mti wa kufanyia ibada. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alikuwa juu ya mti huo, Corbett akiwa miongoni mwa aliokuwa nao, na baba yake akafariki London... hapana, Sandringham, kule shambani kwao. Akapanda binti mfalme, akashuka malkia, ingawa habari ilimfikia mchana akiwa Sagana Lodge. Hayo kila mhudumu wa Nyeri anayajua kwa ghibu. Atakusimulia kabla hujamaliza supu.

Sasa mwulize yaliyofuata. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Msitu ule wa Nyandarua ukawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau. Treetops ikageuzwa kituo cha askari cha kuchungulia, na Mei 1954 wapiganaji wakaiteketeza pamoja na mti wake. Ile iliyokuja kuwa maarufu kwenye kadi za posta ilijengwa 1957, ng'ambo ya pili ya dimbwi. Wanavijiji, wengi wao wanawake, walichimbishwa handaki lenye miti iliyochongoka ndani yake, kandokando ya msitu kwa karibu kilomita 80, ili chakula kisiwafikie walioko msituni. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, Nyeri hiyo hiyo, alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956. Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mwezi wa Novemba. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, mwaka ambao Treetops ilisimama tena.

Kaburi la Baden-Powell nimewaelekeza. La Kimathi siwezi, maana familia yake haijapewa mwili wa kuzika. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 bado anaudai. Ukitoka makaburini ingia Makumbusho ya Nyeri, katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa mkoloni, kisha urudi Outspan kwa chakula cha mchana. Utakula vizuri tu. Ila utakuwa na maneno ya kumwuliza mhudumu, na nimeona mara nyingi mhudumu akichangamka anapoulizwa hayo, kwa sababu babu yake naye alikuwapo, ila hakuna mgeni aliyewahi kumtaka asimulie.

Nikishataja chakula, ngoja nichepuke kidogo. Hoteli nyingi za aina hii zina desturi ya kari siku ya Jumapili mchana. Wanaweka bakuli la nyama katikati, halafu vibakuli vingi vidogo: nazi iliyokunwa, ndizi mbivu, njugu, kachumbari, chatne ya embe. Desturi hiyo walowezi waliibeba kutoka India. Na ni walowezi hao hao waliopigana kufa na kupona Mhindi asipewe shamba katika nyanda za juu, na 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, akawakubalia. Mhindi aliyesaidia kujenga reli, aliyechonga mawe ya kuta na aliyefungua duka la kwanza la mji akabanwa kwenye mtaa mmoja wa maduka, na kari yake ikapanda mezani. Mkitembea katika miji hii, msikose kuupita mtaa ule wa maduka ya zamani yenye baraza mbele na tarehe zilizochorwa juu ya paa. Mimi nauona mzuri kuliko hoteli zenyewe.

Nanyuki sitakaa nayo sana. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirudishwa Desemba 2020, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kwenda. Mount Kenya Safari Club ilikuwa hoteli iitwayo Mawingo kabla mwigizaji wa Marekani, William Holden, na wenzake hawajaifanya klabu 1959, na ikweta inakatiza uwanja wake. Mjini, penye bango la ikweta, mtawakuta vijana wenye beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti. Upande huu maji yanazunguka kulia, ukivuka hatua chache yanazunguka kushoto. Wapeni chochote, ni wachangamfu na wana familia. Ila mjue kinachoyazungusha maji ni mkono wa anayeyamimina. Mzunguko wa dunia hauwezi kulitambua beseni dogo hivyo.

Mwenye mfuko mwembamba namwambia aanzie Nyahururu. Wazee bado wanauita T. Falls, yaani Thomson's Falls, kwa maporomoko ambayo mpelelezi Joseph Thomson aliyapitia 1883, zaidi ya mita 70 kutoka juu hadi chini. Mji uko juu sana, zaidi ya mita 2,300, na baridi yake haina mzaha. Hoteli ya hapo imesimama kando ya maporomoko tangu 1931, na haina maringo. Unaweza kuketi kwenye bustani na soda moja mchana kutwa, sauti ya maji ikikufuata. Nje kuna mama wanaouza kofia na vikapu. Wana bei mbili, na ukiwaamkia vizuri ile ya pili inajitokeza yenyewe.

Kwa asiye na usiku wa kulala, kuna Limuru, ambako mtu wa Nairobi anakwenda na kurudi siku moja. Chai ya kwanza nchini ilipandwa huko 1903. Pale Tigoni, shamba la Kiambethu ni miongoni mwa yaliyotangulia kulima chai ya kuuza, na mpaka leo wanawapokea wageni nyumbani, wanawaeleza majani mawili na kichipukizi, wanawapitisha kwenye kipande cha msitu wa asili, kisha wanawaandalia chakula. Nendeni. Lakini Tigoni ilikuwa na wenyeji, na mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ikaamua kuwaondoa ili eneo lote liwe la Wazungu bila kuchanganyika. Wakapewa ardhi Lari, juu zaidi, kwenye baridi na ukungu, na huko kulikuwa na watu waliosema ardhi hiyo ni yao. Kinyongo kile kikalala miaka zaidi ya kumi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kikaamka, nyumba zikachomwa na watu ndani, na kisasi kilichofuata hakikuwa kidogo. Vitabu vingi vinaanza kuisimulia Lari kwa moto wa usiku ule. Mimi wageni wangu naanza nao Tigoni, kwenye chai, halafu tunapanda gari.

Kericho vivyo hivyo. Hoteli ya Tea ilijengwa miaka ya 1950 na kampuni ya Brooke Bond, katikati ya majani ya chai yanayokwenda mpaka upeo wa macho, na ingawa imeshuka sana kutoka enzi zake, uwanja wake bado unamfanya mtu anyamaze. Ukoo wa Talai, viongozi wa dini wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu kwa sheria ya 1934 ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye joto, mbu na ndorobo. Walioruhusiwa kurudi hawakupata mahali pa kurudi. Eldoret na Kitale nawaachia mwaka mwingine, mwenyekiti ananionyesha saa.

Niseme la mwisho ambalo limenileta. Kuna hoteli moja, sitaitaja, ambayo ukumbi wake umejaa picha za zamani kwenye fremu nzuri. Moja ni ya mashindano ya farasi. Chini yake pameandikwa jina la mpanda farasi, jina la farasi, na jina la mbwa aliyelala mbele. Anayeshika hatamu ni mwanamume Mwafrika, mrefu, kanzu nyeupe, miguu mitupu, anatazama kamera kuliko wote. Hana jina. Nilimwuliza meneja, kijana mzuri tu, msomi, akanijibu kwa ukweli kwamba angeandika kama angejua. Sasa nani anajua? Waingereza waliotunza majina ya mbwa hawajui. Anayejua yuko Murang'a, au Nandi, au Kawangware hapa, ana miaka themanini na kitu, na wajukuu zake wameketi katika ukumbi huu wakingoja nimalize waende wakale.

Wengi wenu mna mtu. Miji ile iliendeshwa na wapishi, madobi, watunza bustani, yaya, walinzi na wachunga farasi, na wengi walitoka huko wakaja Nairobi. Mkienda kumsalimia mzee mwisho wa mwezi, msimwulize Wazungu walikuwaje. Atawajibu kwa neno moja, na huenda neno lenyewe si la mezani. Mwulizeni alikuwa akilala wapi. Alilipwa nini, na kwa sarafu gani. Jikoni walikula nini wao, wageni wakishakula. Nani alimfundisha kukunja vile vitambaa vya mezani viwe kama ua. Siku za hali ya hatari kipande chake kiligongwa muhuri na nani ili apite kwenda kazini. Rekodini kwenye simu, mnazo, mnarekodi hata mbuzi wakivuka barabara. Halafu mkienda Nyeri au Nakuru nendeni na picha ya mzee huyo, mkaombe kuona zile za ukutani. Meneja wa sasa si adui. Mara nyingi ni mtoto wa mwenzako, na anatafuta kitu cha kuwasimulia wageni zaidi ya malkia.

Mambo madogo madogo, kisha nikae. Bei ya wakazi ipo, iulizeni, na mbebe vitambulisho. Katikati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi. Januari na Februari mlima huonekana alfajiri, ikifika saa nne umejifunika. Aprili ni matope. Sweta bebeni mwezi wowote. Na kama huna fedha za chumba, agiza chai na uketi verandani, hakuna atakayekuuliza ufunguo. Niliwahi kusimamishwa getini mahali fulani nikaulizwa kama nina miadi, huku gari la mgeni mweupe likipigiwa saluti mbele yangu. Askari yule alikuwa rika la mwanangu. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kunywa chai, nikasimama pale pale mpaka akafungua. Nanyi simameni.

Nimemaliza. Maswali sasa. Yule dada wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mikataba ya miaka 999, mpeni kipaza sauti.